Saraka ya nyumbani haionekani au imeharibika: pa kuanzia

Nenosiri limekubaliwa, lakini mtumiaji wa Linux anajikuta kwenye `/` (mzizi wa mfumo wa faili) badala ya saraka yake, na ujumbe huu juu yake:

`Could not chdir to home directory /home/asha: No such file or directory`

Kwenye mazingira ya picha dalili ni nyingine: skrini ya kuingilia inampokea, inakuwa nyeusi kidogo, kisha inamrudisha palepale.

Usiandike chochote kwenye diski kwanza. Usikimbilie `mkdir` (kuunda saraka), wala `fsck` (kukarabati mfumo wa faili). Mara nyingi faili zote zipo salama na kilichokatika ni njia ya kuzifikia. Ukiunda saraka mpya mtumiaji ataanza kujaza faili humo, na siku diski halisi itakaporudi mahali pake, faili hizo nazo zitafunikwa. Ingia kama root (msimamizi mkuu), au kwa akaunti ambayo saraka yake haiko ndani ya `/home`. Skrini ya picha ikigoma, Ctrl+Alt+F3 kwa kawaida hukupa terminali.

Anza na kile mfumo wenyewe unachoamini:

`getent passwd asha`
`asha:x:1004:1004::/home/asha:/bin/bash`

Sehemu ya sita ndiyo saraka ya nyumbani. Tumia `getent`, si `cat /etc/passwd`, kwa sababu akaunti inaweza kuwa inatoka LDAP (orodha ya akaunti iliyo kwenye seva). Jibu likiwa tupu, tatizo liko kwenye akaunti, na kuhangaika na diski ni kupoteza muda. Angalia pia kama njia yenyewe ni sahihi: Solaris huweka saraka halisi kwenye `/export/home`, na FreeBSD za zamani huweka kwenye `/usr/home`, `/home` ikiwa kiungo tu. Kuna na hili: kwenye Debian, `useradd` bila `-m` haiundi saraka kabisa. Hapo hakuna kilichopotea. Kama hakuna dalili nyingine, `mkhomedir_helper asha` inamaliza kazi.

Sasa upachikaji (mount), yaani kuunganisha patisheni na saraka yake. Hapa ndipo tatizo hupatikana mara nyingi zaidi.

`findmnt -T /home`
`grep home /etc/fstab`
`lsblk -f`

Ikiwa `fstab` (orodha ya vitu vya kupachikwa kompyuta inapowaka) ina mstari wa `/home` lakini `findmnt` inakujibu `/`, patisheni haijapachikwa. Linganisha UUID (namba ya utambulisho) ya `fstab` na ya `lsblk`: patisheni ikifomatiwa upya UUID hubadilika. Chaguo la `nofail` kwenye `fstab` ndilo linalofanya kompyuta iwake kimya kana kwamba mambo ni shwari. Endesha `mount /home` na usome jibu lake neno kwa neno.

Kinyume chake pia hutokea: kitu kimepachikwa juu ya saraka iliyokuwa na faili. Kuona kilichoko chini bila kugusa kitu:

`mount --bind / /mnt`
`ls -la /mnt/home`
`umount /mnt`

Kwenye NFS (saraka zinazotoka kwenye seva kupitia mtandao), `Stale file handle` maana yake seva haikitambui tena kitu ambacho mteja bado amekishikilia. Pachua, pachika upya. Root akinyimwa ruhusa kwenye NFS, huo si uharibifu. Ni `root_squash`, kinga ya seva inayomnyima root wa mteja mamlaka yake, inafanya kazi, kwa hiyo jaribu `sudo -u asha ls /home/asha`. Mmiliki akionekana kama `nobody`, chunguza ulinganishaji wa majina ya NFSv4.

Ukikuta saraka ina faili kama `Access-Your-Private-Data.desktop` na karibu hakuna kingine, ni eCryptfs (saraka iliyosimbwa) ambayo haijafunguliwa. Sababu ya kawaida ni root kubadilisha nenosiri la mtumiaji: ufunguo umebaki umefungwa kwa nenosiri la zamani. Mtumiaji aendeshe `ecryptfs-rewrap-passphrase ~/.ecryptfs/wrapped-passphrase`, atoe la zamani kisha jipya. Kwenye systemd-homed (huduma ya systemd ya kusimamia saraka za nyumbani), uliza `homectl inspect asha`.

Saraka ipo lakini haiingiliki? `namei -l /home/asha` inaonyesha ruhusa za kila hatua ya njia. Ruhusa ya `x` (ya kupita) ikikosekana hata kwenye `/home` pekee, inatosha kumzuia. Kisha `ls -ldn /home/asha`: kama namba ya mmiliki si 1004, pengine akaunti iliundwa upya au diski imetoka mashine nyingine. SELinux (ulinzi wa ziada unaotumia lebo za faili) ikiwa hai, rudisha lebo kwa `restorecon -Rv /home/asha`. Kwa ile skrini inayomrudisha mtu mlangoni, tazama `df -h` na `df -i` (inodi, yaani rekodi za faili, zinaweza kuisha huku nafasi ikibaki), halafu mmiliki wa `.Xauthority` na `.ICEauthority`. Zikiwa za root, kuna mtu aliendesha programu ya picha kwa `sudo`.

Uharibifu wenyewe una sura yake. `ls -l` ikitoa mistari kama hii:

`-????????? ? ? ? ? ? barua.txt`

jaribu tena kama root. Root akiona vizuri, saraka ina `r` (ruhusa ya kusoma) bila `x`. Root naye akiona alama za kuuliza, au `Structure needs cleaning`, nenda `dmesg -T`. Makosa ya `EXT4-fs` au `XFS` peke yake ni ya mfumo wa faili. Yakiambatana na `I/O error` ya kifaa, shuku diski au kebo. Hakiki kwa `smartctl -a /dev/sdb`.

Diski inayokufa haifanyiwi `fsck`. Inanakiliwa kwanza kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha:

`ddrescue -n /dev/sdb1 /mnt/nje/home.img /mnt/nje/home.map`

Rudia bila `-n` ukiongeza `-r3`, kisha ukarabati ufanyie kwenye nakala ya hiyo `home.img`, si kwenye diski. Diski ikiwa nzima na mfumo wa faili ni ext4, pachua, endesha `e2fsck -fn /dev/sdb1` uone ukubwa wa jambo, ndipo uondoe `n`. Kwa patisheni iliyopachikwa, hata `-n` hutoa makosa ya uongo. Kwa XFS tumia `xfs_repair -n`, maana `fsck.xfs` haifanyi chochote. `-L` ya `xfs_repair` inafuta jonali (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika), iache iwe ya mwisho kabisa.

Vitu vilivyopoteza jina huangukia `lost+found` vikiitwa kwa namba ya inodi, ila mmiliki hubaki:

`find /home/lost+found -uid 1004`

Ikibidi uunde saraka mpya, mpe mtumiaji umiliki na uweke `chmod 700`. Kundi likiwa na ruhusa ya kuandika humo, sshd (huduma ya kuingia kwa mbali) itakataa funguo zake.