Kuishambulia Benoni ya Kisasa bila kusitasita

Kwa mchezaji wa klabu ya chesi hapa Nairobi ambaye hubanwa kila anapokutana na Benoni ya Kisasa, ufunguzi wa upande wa weusi, napendekeza kwa dhati Shambulio la Taimanov, ambapo, baada ya weusi kucheza g6, weupe husogeza askari wao hadi mraba wa f4, na askofu mweusi anapotua g7, askofu mweupe huenda b5 kumpa mfalme cheki. Weusi wakizuia kwa askofu au kwa farasi wa b8, askari mweupe wa e4 husonga e5 mara moja na mambo huwaka. Kwa hiyo wengi humrudisha farasi wa f6 hadi d7, ambako humzibia njia askofu wake wa c8. Sogeza askari wako hadi a4 bila kuchelewa, kisha mweke mfalme wako mahali salama. Kinachofuata ndicho nikipendacho zaidi: mtoe askari kafara kwa e5, na weusi wakimla kwa askari wa d6, msogeze askari wa f4 hadi f5. Askofu wa g7 hubaki nyuma ya askari wake mwenyewe, huku farasi wako wa c3 akiipata e4.