Kiwanda kikibadilisha mgao wa mboga, piga hesabu kabla hujagusa shamba

Msimu ukikaribia ndo taarifa za kiwanda zinaanza kuingia, mara mgao (yaani kiasi cha mboga ambacho kiwanda kinakubali kununua kwako) umepunguzwa mara umeongezwa, na wengi wetu tunachofanya ni kuchukua eneo la msimu uliopita tunakata kidogo au tunaongeza kidogo basi, imeisha hiyo. Wakulima wenzangu, hapo ndo watu wanapoumia.

Mgao haubadilishwi hivihivi. Kiwanda kinaangalia stoki iliyobaki ghalani, mboga za makopo na zilizogandishwa, kinaangalia oda za wateja na uwezo wa mashine zake kwa siku. Stoki ikibaki nyingi mgao unashuka hata kama wewe ulivuna vizuri sana. Kwahiyo uliza mapema stoki ikoje, usisubiri karatasi ya mkataba ndo ushtuke.

Halafu soma mkataba wako umeandikwa kwa tani au kwa hekta, maana hivi vitu viwili haviko sawa hata kidogo. Ukiwa wa hekta, kiwanda kinachukua kinachotoka kwenye eneo hilo ilimradi kina ubora, ukivuna pungufu hudaiwi tani. Ukiwa wa tani, mzigo wa mavuno ni wako, ukipungukiwa unaweza kukatwa au kunyimwa mgao msimu unaofuata, ukizidisha ile ziada haina mnunuzi, na aina nyingi za mbegu za kiwandani hazina soko la kueleweka kwa watu wanaonunua mboga mbichi.

Sasa hesabu. Chukua mavuno yako ya misimu mitano, tuseme kwa mfano tani 14, 9, 12, 8 na 12 kwa hekta. Toa ule mzuri kuliko yote na ule mbaya kuliko yote, inayobaki wastani wake ni tani 11. Mgao ukiwa tani 60 unahitaji kama hekta 5 na nusu, ukishushwa hadi tani 48 unahitaji kama hekta 4.4. Ila mtu anayepiga hesabu kwa ule msimu wake wa tani 14 atapanda hekta 3.4 tu, na mvua ikisumbua kidogo anabaki na deni la tani kiwandani. Tumia wastani, ule msimu wa kujivunia uache kwenye daftari.

Kitu kingine ambacho naona hakipewi uzito kabisa ni tarehe za kupanda. Mgao wa msimu mzima unaweza kuwa sawa ila shamba lote likakomaa wiki moja, kiwanda hakiwezi kumeza, na njegere hazisubiri, zikishapita siku zake zinakuwa ngumu zenye wanga mwingi na daraja linashuka. Usipange kwa kalenda peke yake, panga kwa joto. Chukua joto la juu na la chini la siku, tafuta wastani, toa 4.4 kwa njegere au 10 kwa mahindi matamu na maharage machanga (chini ya joto hilo mmea haukui), inayobaki ndo pointi za joto za siku hiyo. Siku yenye nyuzi 24 mchana na 12 usiku wastani ni 18, njegere zinapata pointi 13.6, mahindi matamu yanapata 8 tu. Kama wakati wa kuvuna siku moja huwa inatoa pointi kama 16, basi subiri zikusanyike 16 ndo upande kipande kinachofuata, na wakati wa baridi hiyo inaweza kuchukua siku mbili tatu. Ukipanda kila siku kwenye baridi vipande vyote vitakuja kukomaa kwa pamoja, nakwambia ukweli.

Wa nyanya za kusindika angalieni Brix, yaani kipimo cha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kwenye maji ya nyanya. Nyanya za Brix 5 zinahitajika kama kilo 6 kutoa kilo moja ya rojo la Brix 30, za Brix 4 ni kilo 7 na nusu, kwahiyo mkimwagilia mpaka mwisho ili uzito uongezeke kiwanda kinaliona hilo palepale kwenye kipimo.

Mgao ukiongezwa nao una mtego wake. Usirudishe njegere kwenye kipande kilekile kwasababu tu umepewa tani zaidi, kuoza mizizi kunakaa kwenye udongo miaka mingi, acha angalau miaka 4 na kama ugonjwa ulishaonekana acha zaidi. Kama huna ardhi ya kubadilishia mazao, kubali mgao mdogo, haina aibu.

Mabadiliko yoyote yaandikwe na yasainiwe kabla hujachukua mbegu, simu na meseji za bwana shamba wa kiwanda hazitoshi. Humo kwenye maandishi waseme nani anabeba hasara kama shamba limekomaa na kiwanda kimeshindwa kuja kuvuna, na kama unaruhusiwa kumhamishia jirani sehemu ya mgao wako. Kisha wiki mbili kabla ya kuvuna pita shambani upime vipande kadhaa, wapelekee makadirio mapya, maana ziada wakiijua mapema wanaweza kuipangia nafasi, wakiijua lori likiwa getini unarudi nayo nyumbani.