Mhusika akijikokota, angalia delta kwanza

Kama unatengeneza gemu kwa Godot 4 na mhusika wako anajikokota hata ukimpa spidi 300, fungua skripti uone kama umezidisha velocity (kasi na mwelekeo wa mhusika) kwa delta (sekunde zilizopita tangu hatua iliyotangulia) kabla ya kuita move_and_slide, amri inayomsogeza mhusika. Iondoe hiyo delta. Amri hiyo inapiga hesabu ya muda yenyewe, na kwa kuwa fizikia kwa kawaida hupigwa mara 60 kwa sekunde, ukizidisha tena ile 300 inabaki 5 tu. Ila graviti usiiguse! Ule ni mchapuko, kwa hiyo unazidishwa kwa delta ndipo unajumlishwa kwenye velocity.y. Wengi wanachanganya hapa maana mistari hiyo miwili inafanana na inakaa jirani.

Akienda mshazari akawa na kasi zaidi, karibu mara 1.41, basi unasoma kila kitufe kivyake. Tumia Input.get_vector, inayosoma vitufe vya pande zote kwa pamoja na kukupa mwelekeo mmoja usiozidi urefu wa 1. Na msimbo wa mwendo ukae ndani ya _physics_process, inayoitwa kila hatua ya fizikia, si _process, inayoitwa kila fremu ya picha.

Rekebisha kitu kimoja kimoja, na kila mara chapisha velocity kwa print uzione namba zenyewe. Macho pekee hayatoshi.