Wikiendi ya wawili Québec wakati wa baridi

Kama mnaishi Montréal au Toronto na unataka kumtoa mwenza wako kidogo, mpeleke jiji la Québec. Ila angalia kalenda kwanza. Karnivali yao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na hapo hoteli hujaa na bei hupanda. Nendeni mapema Januari: theluji ni ileile, vichochoro vimetulia.

Laleni ndani ya kuta za Vieux-Québec, yaani mji mkongwe, hata chumba kikiwa kidogo. Treni kutoka Montréal huchukua saa tatu na ushei tu, kwa hiyo gari liacheni nyumbani. Kutafuta maegesho kwenye theluji kunaharibu mapenzi.

Jambo la kuzingatia kabisa ni viatu. Kushuka mtaa wa Petit-Champlain ni ngazi na miteremko yenye barafu, na baridi ya nyuzi hasi 20 si ajabu. Nunueni vile vyuma vya kuvalisha chini ya buti, au mpande funikula, kile kigari cha kuvutwa kwa kamba mlimani.

Jioni msikimbilie mgahawa wa gharama. Pandeni feri ya kwenda Lévis, mji wa ng'ambo ya mto, kama dakika 12 hivi. Mtasikia mapande ya barafu yakigonga ubavu wa chombo, na mkigeuka mtaiona hoteli ya Château Frontenac imewaka taa juu ya jabali. Kwangu mimi hakuna pazuri kuliko hapo. Shukeni, kisha mrudi na feri inayofuata, na glavu msizisahau.