Kabla hujatoa baiskeli uani

Wengi wetu hukagua baiskeli kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba. Upepo upo, basi, safari. Asubuhi hilo hutosha: hakuna joto, karia tupu, njia yote inaonekana. Mimi naona baiskeli ikaguliwe kwa ajili ya kurudi.

Chukua jua. Mji wa Unguja uko magharibi ya kisiwa. Anayetoka Chwaka au Paje jioni kurudi mjini huenda ana kwa ana na jua linalotua, na dereva aliye nyuma yake naye analo machoni. Wewe unajiona uko mwangani, kumbe kwake huonekani kabisa. Hapo hata shati jeupe halikusaidii sana. Ondoka mapema, au pumzika msikiti wa njiani, usali Magharibi, kisha uendelee na taa.

Taa yenyewe iwe nyeupe mbele na nyekundu nyuma, pamoja na rifleka. Dinamo ni nzuri, ila ina tabia moja mbaya: ukisimama, inazimika, na mara nyingi unasimama pale pale njia panda unapohitaji kuonekana. Kwa hiyo nyuma weka ya betri. Halafu itazame baada ya kupakia, si kabla. Majani ya ng'ombe na makuti yaliyoning'inia karia huifunika, ukaenda nayo inawaka bila ya mtu kuiona. Makuti pia hushika upepo; msimu wa kusi yanaweza kukusukuma hadi katikati ya barabara.

Breki zijaribu zote mbili ukiwa unatembea nayo kwa miguu. Rimu ikirowa breki za mpira hushika kwa kuchelewa, basi wakati wa masika anza kubana mapema. Pemba ndiko utakakojua thamani yake, kwa vile vilima vya baina ya Chake na Wete. Wakati wa karafuu, majamvi ya kuanikia huenda yakakukuta ukingoni ukiwa mteremkoni, ukalazimika kuingia ndani zaidi. Tazama nyuma kwanza.

Nguo nimejifunza kwa magoti. Ijumaa moja pindo la kanzu yangu liliingia kwenye mnyororo karibu na Mwanakwerekwe, nikaanguka mbele ya watu, na kanzu ikabaki na alama ya girisi mpaka leo. Siku hizi naikunja na kuifunga kiunoni. Mwenye baibui atafute baiskeli yenye kava la mnyororo na wavu wa gurudumu la nyuma.

Kuhusu njia: kushoto, kama gari. Wapo wanaoshikilia kwenda upande wa kulia “ili nione kinachonijia”. Lakini mwendo wako na wa gari unajumlishwa, na dereva anayetoka uchochoroni hatarajii mtu upande huo. Usijibane ukingoni mwisho kabisa pia. Lami ikikatika ghafla utaangukia barabarani. Kipilefti cha Michenzani kinataka umpishe anayetoka kuliani kwako, na mkono unyooshwe kabla hujakata, si huku unakata. Taa nyekundu ni yako pia, hata kama trafiki hayupo.

Daladala ikisimama mbele yako, usipite baina yake na ukingo, maana abiria wanashukia huko huko. Na giza likiingia, kumbuka gari ya ng'ombe mara nyingi haina taa yoyote. Kengele nayo iwe inalia. Ng'ombe hajali, lakini anayeendesha atageuka.

Kofia ngumu ukiipata, vaa, na mtoto unayempakia kwenda skuli apate yake.

Ramadhani ongeza jambo moja: tende mbili mfukoni. Robo saa kabla ya futari kila mtu anakimbilia nyumbani, na mwenye tende zake anaweza kushuka, akaisikiliza adhana chini ya mwembe, akawaacha wapite.