Namna ya Kutengeneza Programu Yako ya Kadi za Msamiati

Kijana anayeandika programu kwa kujifurahisha huwa na folda iliyojaa kazi zilizoanzwa na kuachwa, na mara nyingi kilichomkwamisha si uhaba wa ujuzi bali ni kuchagua kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na haja nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu programu ndogo ya kadi za kujifunzia msamiati wa lugha ngeni, ambayo mtengenezaji wake anaweza kuitumia kila siku na hivyo kuziona kasoro zake mapema. Lugha ya kuandikia programu itakuwa Python, na programu yenyewe haihitaji kitu kingine cha kusakinisha.

Utaratibu wa kuuliza maswali ni ule ulioelezwa na Sebastian Leitner kwa Kijerumani mwaka 1972. Kadi mpya huingia katika kisanduku cha kwanza. Ikijibiwa sawasawa hupanda hadi kisanduku kinachofuata, na ikikosewa hurudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha mwisho. Tuchukue visanduku vitano, ambavyo kadi zake zitaulizwa tena baada ya siku 1, 2, 4, 8 na 16, kwa mfuatano huo. Vipindi hivi unaweza kuvibadilisha upendavyo.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, andika kwenye karatasi mambo ambayo toleo la kwanza litafanya: kuongeza kadi, kuuliza kadi zilizofikia siku yake, na kuhifadhi matokeo. Rangi, sauti na akaunti za watumiaji zisubiri. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inatosha kabisa kuwa kiolesura, na kwa maoni yangu inamfaa zaidi anayeanza, kwa sababu haimpi nafasi ya kushughulikia sura ya programu wakati kiini chake bado hakijafanya kazi.

Suala linalostahili fikra zaidi ni uhifadhi wa data. Wengi huanza na faili la maandishi, na kwa kadi chache njia hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba kila kadi moja inapobadilika, kwa kawaida programu huliandika upya faili zima, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kadi zote zinaweza kupotea. Ni afadhali kutumia SQLite, hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo huweka kila kitu katika faili moja bila kuhitaji seva, na ambayo mabadiliko yake ama hukamilika yote ama hayafanyiki kabisa. Maktaba ya kuitumia, sqlite3, huja pamoja na Python. Kumbuka tu kuita commit() baada ya kuandika, kwani kwa mipangilio ya kawaida mabadiliko ambayo hayajathibitishwa hutoweka muunganisho unapofungwa, tena bila onyo lolote.

Jedwali moja linatosha, lenye safu wima tano: namba ya kadi, swali, jibu, kisanduku, na tarehe ya kuulizwa tena. SQLite haina aina maalumu ya data kwa ajili ya tarehe, hivyo ihifadhi kama maandishi yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-01-10. Kwa mpangilio huo, mfuatano wa herufi na mfuatano wa kalenda huwa kitu kimoja, na kuzipata kadi za leo kunahitaji ulinganisho mmoja tu. Ukianza na siku, 02-12-2025 itatangulia 10-01-2025, ingawa Desemba iko mbali sana na Januari.

Usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri ya SQL, yaani lugha ya kuiagizia hifadhidata. Siku utakapoingiza neno ng'ombe, kile kialama cha katikati kitaikata amri na programu itasimama. Weka alama ya kuulizia mahali pa neno, kisha mpe sqlite3 neno lenyewe kando; njia hiyo pia huzuia mtu mwenye nia mbaya kupenyeza amri zake.

Hatua inayofuata ni kutenga uamuzi wa kadi iende wapi na mazungumzo na mtumiaji. Andika fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake maalumu, inayopokea namba ya kisanduku, taarifa kama jibu lilikuwa sahihi, na tarehe ya leo, kisha irudishe kisanduku kipya na tarehe mpya. Isichapishe chochote, isiguse hifadhidata, na wala isitazame saa ya kompyuta. Faida yake ni kwamba unaweza kuijaribu kwa siku yoyote uitakayo: kadi ya kisanduku cha kwanza iliyojibiwa sawasawa tarehe 27 Februari 2028 inapaswa kurudi tarehe 29 Februari, lakini ikijibiwa tarehe hiyohiyo mwaka 2027 irudi tarehe 1 Machi. Jaribu pia kadi ya kisanduku cha tano, ambayo haina pa kupandia na inapaswa kubaki hapohapo.

Kabla ya kulinganisha majibu, ondoa nafasi za pembeni na ugeuze herufi zote kuwa ndogo. Kwa lugha zenye herufi kama é kuna mtego mwingine, kwani kompyuta inaweza kuihifadhi kama herufi moja au kama e inayofuatwa na alama yake, na maneno mawili yanayofanana machoni yakahesabiwa kuwa tofauti. Maktaba ya unicodedata huyaleta katika umbo moja.

Tunza msimbo wako kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, na uweke kumbukumbu kila sehemu moja inapofanya kazi. Faili la hifadhidata liandike katika .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha, kisha ulifanyie nakala mahali pengine.

Nyongeza ya kwanza yenye manufaa ni kuingiza kadi nyingi kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato) lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Ifanye safu ya swali isikubali marudio na uiagize SQLite iruke swali ambalo tayari limo, ili kulisoma faili lilelile mara ya pili kusirudishe kadi za zamani katika kisanduku cha kwanza.