Namna ya Kuandaa na Kusimulia Historia ya Klabu ya Soka ya Urusi: Mfano wa Spartak Moscow

Mara ya kwanza nilipoombwa kusimulia habari za klabu ya Urusi barazani, hapa Lamu, nilianza na orodha ya vikombe, na kabla sijaufikia mwaka 1962 wazee wawili walikuwa wamesharudi kwenye bao lao na vijana wameinamia simu zao. Kosa lilikuwa langu. Klabu ya Urusi haijulikani kwa kuhesabiwa ubingwa. Hujulikana kwa kuulizwa ilikuwa ya nani, yaani ni idara gani, kiwanda gani au chama gani kilichoilea, kikaipa uwanja na kuwakimu wachezaji wake. Maelezo haya yamekusudiwa mtu anayetaka kuandaa simulizi ya saa moja baada ya Isha. Mfano ni Spartak Moscow, ingawa njia ni ileile kwa klabu nyingine kubwa za nchi hiyo.

Anza na jina, kwa sababu jina mara nyingi humtaja mlezi. Katika Umoja wa Kisovieti hapakuwa na tajiri wa kununua timu, na kila timu kubwa ilisimama nyuma ya mgongo wa taasisi fulani. Dynamo, iliyoundwa mwaka 1923, ilikuwa ya polisi wa usalama. CSKA ilikuwa ya jeshi. Lokomotiv ilikuwa ya shirika la reli. Na Torpedo ilikuwa ya kiwanda cha magari. Ziandike hizo nne kwenye karatasi kabla ya kuigusa Spartak, kwani Spartak hueleweka vizuri zaidi inapowekwa kando yao: yenyewe ililelewa na vyama vya ushirika vya mafundi na watoa huduma, watu wasiovaa sare wala kubeba silaha, na ndiyo maana mashabiki wake wakaiita timu ya wananchi. Mlamu hana haja ya kufafanuliwa jambo hili kwa kirefu. Aliyekulia baina ya Mkomani na Langoni anajua kwamba pande mbili za mji zinaposhindana, hata katika ngoma, kinachoshindaniwa huwa ni heshima ya waliosimama nyuma ya wachezaji.

Hatua inayofuata ni kuchora nasaba ya majina, kama tunavyochora nasaba za koo, kwa kuwa klabu za Urusi zilibadilishwa majina kila mlezi alipobadilika. Klabu tunayoizungumzia huadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 18 Aprili 1922, lakini wakati huo haikuitwa Spartak. Ilianza kama kikundi cha michezo cha Moscow, ikachukua jina la mtaa wake wa Krasnaya Presnya, na mwaka 1926 ikaingia chini ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chakula na kuitwa Pishcheviki. Baadaye ikabeba jina la kiwanda cha tumbaku cha Dukat, kisha la vyama vya ushirika vyenyewe, Promkooperatsiya, na mwaka 1935 tu ndipo ilipopewa jina la Spartak, kwa kumkumbuka Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma ya kale. Usiipite nasaba hii upesi. Humo ndimo unamopata sababu ya mashabiki kujiita kwa fahari „nyama“ hadi leo: ni masalio ya enzi za viwanda vya chakula. Wapinzani walianza kulitumia neno hilo kwa dhihaka, na wenyewe wakalipokea.

Nasaba hiyo pia itakukinga na mtego uliowanasa wengi. Spartak lilikuwa jina la chama kizima cha michezo chenye matawi katika miji mingi, kama ilivyokuwa Dynamo, na kwa hiyo Dynamo ya Moscow, Dynamo ya Kyiv na Dinamo ya Tbilisi ni timu tatu tofauti. Ubingwa wa Urusi wa mwaka 1995 ulichukuliwa na Spartak-Alania, timu ya Vladikavkaz, wala si Spartak ya Moscow. Nimewahi kumsikia mtu akiihesabia Moscow ubingwa huo kwa kujiamini kabisa, na hapakuwa na wa kumpinga.

Utahitaji pia kujifunza herufi chache za Kirusi, kazi ya jioni moja tu, ili uweze kusoma fulana na vibao vya matokeo katika picha za zamani. Herufi iliyoandikwa С husomwa S, Р husomwa R, Н husomwa N, na В husomwa V. Ukishazijua hizo utaona kwamba Спартак ni Spartak, na kwamba maandishi CCCP kwenye kifua cha mchezaji husomwa SSSR, ambacho ni kifupi cha jina la Umoja wa Kisovieti. Mwenye kuzoea kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hapa Lamu hao wapo, hatababaika na zoezi hili.

Kalenda nayo ina mambo yake. Kwa sababu ya baridi kali, ligi kwa miaka mingi ilianza majira ya kuchipua na kumalizika vuli, ndani ya mwaka mmoja. Mpango huo uliendelea hadi 2010, kisha ukafuata msimu mrefu wa 2011–12 wa kuvukia katika kalenda ya Ulaya Magharibi. Ndiyo maana tunasema ubingwa wa 1998, lakini tunasema ubingwa wa 2016–17. Aidha, mwaka 1936 ligi ilichezwa mara mbili: Dynamo Moscow ikawa bingwa wa mkondo wa kwanza, Spartak wa mkondo wa pili. Mwaka 1976 jambo hilo lilirudiwa, na huo ndio mwaka ambao Spartak ilishushwa daraja.

Sasa njoo kwenye watu, na hapa usiwe na haraka. Simulizi nzima ya Spartak huzunguka ndugu wanne, Nikolai, Aleksandr, Andrei na Pyotr Starostin, waliocheza na kuijenga klabu pamoja, na kati yao Nikolai ndiye aliyekuwa na ulimi na mbinu za kutafuta walezi. Tarehe 6 Julai 1936, katika sikukuu ya michezo, wachezaji wa Spartak walicheza mechi ya maonyesho kwenye Uwanja Mwekundu wa Moscow, juu ya zulia kubwa lililotandazwa juu ya mawe, Stalin, kiongozi wa nchi, akitazama. Mwaka 1937 Spartak iliifunga 6–2 timu ya Wabaski, watu wa kaskazini mwa Uhispania, iliyokuwa ikizuru nchi hiyo. Ikatwaa ligi na kombe kwa pamoja mwaka 1938, na tena mwaka 1939.

Kombe la 1939 ndilo kisa kitakachowaondoa wazee kwenye bao. Spartak iliifunga Dinamo Tbilisi 1–0 katika nusu fainali, kisha ikashinda fainali 3–1 dhidi ya Stalinets ya Leningrad na kukabidhiwa kombe. Baada ya hapo ikaja amri kutoka juu kwamba nusu fainali irudiwe, ilhali fainali ilikuwa imeshachezwa. Wakati huo mkuu wa polisi wa usalama alikuwa Lavrenti Beria, Mgeorgia, na Dinamo Tbilisi, ya mji mkuu wa Georgia, ilikuwa timu ya jumuiya ileile ya polisi. Spartak ikarudi uwanjani, ikashinda tena 3–2. Machi 1942 ndugu wote wanne walikamatwa, na mwaka uliofuata wakahukumiwa kifungo cha miaka kumi, miongoni mwa makosa yao ikiwa ni kusifu michezo ya nchi za kibepari.

Hapo ndipo utakapolazimika kutumia kanuni ambayo mji huu wenye madarasa na wanazuoni unaijua vyema, nayo ni sanad: kila habari itajwe pamoja na aliyeipokea. Kwamba nusu fainali ilirudiwa ni jambo la kumbukumbu za wazi. Kwamba Beria aliwahi kucheza mpira dhidi ya Nikolai Starostin katika ujana wao na akabaki na kinyongo, hilo tumelipokea kwa Starostin mwenyewe, na vivyo hivyo kisa cha Vasily Stalin, mtoto wa kiongozi, kumrudisha Starostin Moscow mwaka 1948 na kulala naye chumba kimoja ili polisi wasimchukue. Simulia visa hivyo, kwa kuwa ni vitamu, lakini sema „Starostin alisimulia kwamba“. Baada ya kifo cha Stalin ndugu hao walisafishwa majina yao, na Nikolai akarudi kuisimamia Spartak kwa miongo kadhaa, akafariki mwaka 1996.

Miaka ya 1950 unaweza kuipitia kwa kumtaja Igor Netto wa Spartak, nahodha wa timu ya taifa ya Kisovieti iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Melbourne mwaka 1956 na ubingwa wa Ulaya mwaka 1960, pamoja na mfungaji Nikita Simonyan. Kisha ruka hadi 1977, kocha Konstantin Beskov, mchezaji wa zamani wa Dynamo, alipoichukua timu iliyoshushwa daraja na kuifanya bingwa mwaka 1979 kwa soka ya pasi fupifupi.

Tarehe 20 Oktoba 1982 isimulie kwa sauti ya chini. Spartak ilikuwa ikicheza na Haarlem ya Uholanzi katika Kombe la UEFA, kwenye uwanja wa Luzhniki wenye theluji na barafu, na watazamaji walikuwa wameshaanza kushuka ngazi Sergei Shvetsov wa Spartak alipofunga bao la pili katika dakika za mwisho. Katika msongamano wa ngazini walikufa watu 66 kwa hesabu rasmi, wengi wao vijana. Wenye mamlaka waliacha habari ipite kwa mistari michache gazetini, na umma wa nchi nzima haukuelezwa kwa upana hadi mwaka 1989. Usiseme ni nani aliyesukuma, wala usiongeze idadi ili kisa kinoge.

Miaka ya baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti ni rahisi: chini ya kocha Oleg Romantsev na walioshirikiana naye, Spartak ilichukua ubingwa wa Urusi mara tisa kati ya 1992 na 2001, ikashinda mechi zote sita za kundi lake katika Ligi ya Mabingwa ya 1995–96, kisha ikakaa miaka kumi na sita bila ubingwa hadi kocha Massimo Carrera alipouleta wa 2016–17. Ukitoa jumla, tenganisha: 12 za Kisovieti, 10 za Urusi. Walezi wa zamani nao walikwisha, nafasi yao ikachukuliwa na kampuni na matajiri, na swali la „ni ya nani“ likapata majibu mengine.

Kwa vijana, tumia uwanja wa Spartak uliofunguliwa mwaka 2014 mtaani Tushino, wenye sanamu kubwa ya gladieta, mpiganaji wa Roma ya kale, nje. Ni huko ndiko Lionel Messi alikokosa penalti dhidi ya Iceland katika Kombe la Dunia la 2018, na Senegal ikaifunga Poland 2–1. Wataje pia Emmanuel Emenike na Victor Moses wa Nigeria, waliovaa jezi nyekundu na nyeupe za klabu hiyo.

Tayarisha jibu la swali ambalo hakika litaulizwa: mbona siku hizi hawaonekani Ulaya? Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, FIFA na UEFA zilizisimamisha timu zote za Urusi, na Spartak, iliyokuwa imefika hatua ya kumi na sita bora ya Ligi ya Europa, ikatolewa bila kuteremka uwanjani. Wapinzani wake, RB Leipzig, wakapita moja kwa moja.